Vidonge vya Mawifi Wawili

Zeina hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alipoolewa na Stambuli pale Malindi, mamamkwe wake, Bi Mwanakombo, alisema bibi harusi ana uso wa mtu aliyedhulumiwa. Miaka ikapita bila mimba, na kwa Bi Mwanakombo uso ule ukawa ndiyo sababu.

Mwaka wa 1986 daktari mmoja mjini alimwandikia vidonge vya kupevusha mayai. Akamwandikia vilevile wifi yake Kamaria, binti wa Bi Mwanakombo, aliyekaa na mumewe katika ua mmoja nao, naye hajazaa. Kamaria alikuwa mcheshi. Hata siku ya huzuni hakukosa neno la kuwachekesha watu.

"Mtazame mwenzio," Bi Mwanakombo alimwambia Zeina. "Roho nyeupe. Dawa huingia penye nafasi. Wewe umejaa nyongo, itakaa wapi?"

"Basi niitapike nikupakulie, mama?"

Stambuli akamkataza kumjibu mamake. Zeina akaenda kumuuliza daktari kama hasira huharibu dawa. Daktari akasema wako wanaoitikia na wako wasioitikia, na yeye hana kipimo cha tabia. Zeina akayafikisha maneno hayo nyumbani. Hakuna aliyetaka kuyasikia.

Masika yalipoanza, Zeina akashika mimba, siku ambazo alikuwa hasemi na mtu humo ndani.

"Umeinyakua bahati ya mwanangu," Bi Mwanakombo alimwambia.

Kabla Zeina hajajibu, Kamaria, aliyekuwa akikuna nazi, aliipiga mbuzi teke, nazi ikamwagika.

"Bahati gani, mama? Uliniambia nicheke. Nimecheka mpaka mashavu yananiuma. Kila mwezi nalia chooni, kisha natoka nakuchekea."

"Kamaria, mwanangu."

"Usiniite."

Zeina akamshika bega. Kamaria akauondoa mkono ule. "Na wewe usinionee huruma. Walipokuwa wakikutukana wewe, mimi nilishukuru si mimi."

Kabla Zeina hajajifungua, Kamaria alihamia mtaa wa Muyeye na mumewe. Vidonge aliacha kuvimeza. Siku ya arobaini ya mtoto, Zeina alimpelekea sinia ya pilau. Ikarudi na kawa lake, haijaguswa.

"Amekutia adabu," Bi Mwanakombo alisema.

Zeina akaketi ukumbini, akaanza kuila pilau ile iliyopoa, tonge kwa tonge, bila kumkaribisha.