Mnyororo wa Mjomba

Mjomba alipitisha mnyororo kwenye miguu ya vyerehani vyote vinne, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. "Sasa watu wa kodi waje," alisema. "Tuone watabeba nini."

Cherehani cha nne kilikuwa changu. Mama aliniachia alipofariki, nikawa nakaa nacho pembeni mwa duka la mjomba, nashona sare za shule. Kazi nyingine siijui. Nilitaka kusema, "Mjomba, changu kiache," lakini mbele ya watu mimi huona haya kusema, na mle ndani alikuwamo Wakili.

Wakili hakuwa wakili. Anauza simu mtaa wa pili. Jina hilo alipewa kwa kupenda ubishi. Ndiye aliyemjaza mjomba maneno kwamba kodi ya mapato si halali.

"Ulisaini mkataba na serikali?" alimuuliza tena siku ile.

"Sijasaini."

"Basi wanakudai kwa lipi? Jasho lako, sindano yako. Huo ni wizi wenye mhuri."

Mke wa mjomba alikuwa akipiga pasi. "Na wewe shemeji, barabara unayopita na pikipiki yako ulisaini nayo mkataba?"

"Shemeji, haya ni mambo ya sheria."

"Si ndiyo nasema sheria! Bunge limeipitisha, mahakama ipo. Kama haifai, nendeni mkaishtaki. Huyu barua zao za kudai kodi anafungia vifungo! Wanaanza na faini, wanamalizia na mali."

"Wanawake mna woga," mjomba alisema.

"Ninao. Nina watoto wanaokula."

Wakili akamwinamia mjomba. "Wakija usijibu kitu. Hata jina lako. Ukijibu tu, umekubali mamlaka yao. Ukinyamaza, hawana kesi."

Walikuja kesho yake asubuhi: ofisa wa kodi, ambaye alikuwa mwanamke mwenye miwani, vijana wawili wa kubeba, na askari. Ofisa alisoma amri ya kukamata mali, tena kwa upole. Kisha akautazama mnyororo.

"Nachukua mali ya mwenye duka tu," alisema. "Hivi vyote vina kufuli moja. Ni vyako vyote, baba?"

Mjomba akakaza macho ukutani. Kimya.

"Kuna kisicho chako?"

Kimya.

Nilimtazama. Alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitoa nyumbani kwa mama. Neno moja tu, "kile ni cha mpwa wangu," lingemgharimu nini? Lakini alikikumbatia kimya chake, na kijana mmoja alishainama kushika cherehani changu.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma.

"Niulizeni mimi!"

Sauti yenyewe sikuitambua. Nilijibu kila kitu. Jina lake, jina la baba yake, duka alilifungua lini, vyerehani vipi ni vyake, kipi ni changu. Nikasema barua zote alizipata na alikataa kulipa kwa makusudi. Mke wa mjomba aliitikia kila neno, "Kweli. Kweli tupu."

"Na ufunguo?" ofisa aliuliza.

"Mfuko wa kulia."

Askari alisogea. Mjomba akautoa mwenyewe, akautupa sakafuni. "Umeniuza, we mtoto."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?" nikamwambia. "Umeona mtu anashika cherehani cha mama, ukanyamaza! Dada yako yule, mjomba! Dada yako, kwa ajili ya maneno ya muuza simu!"

Akarudisha macho ukutani.

Vyake vitatu vilipokuwa vinapakiwa, Wakili akatokea mlangoni. Mjomba alimshika mkono. "Waambie," alisema. "Waambie uliyoniambia."

Wakili akamwangalia askari. "Mimi nilitoa maoni tu, kaka."

"Wewe nawe una biashara?" ofisa aliuliza.

"Ninayo, mama, simu, mtaa wa pili pale, na kodi ya mwaka huu nimeshalipa yote, risiti ninazo."

Alijibu mbio mbio, hata yale ambayo hakuulizwa. Mjomba akaketi kwenye kiti chake cha kushonea, mbele yake hakuna kitu.

Mimi na mke wa mjomba tulikishika cherehani changu, yeye huku, mimi kule, tukakitoa nje. Kilikuwa kizito. Wakili akanyoosha mkono kutusaidia.

"Pole, mwanangu."

"Toa mkono wako," nikamwambia.