Maji Matupu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa, pale binti yake mzee Boila alipotaka kusimama kwenye mkeka na miguu ikamkatalia.

Washonaji walikuwa wamelala nje ya geti la kiwanda cha nguo, wamegoma kula mpaka minyororo iondolewe kwenye milango ya dharura. Minyororo hiyo ndiyo iliyomfungia mke wa Boila ndani siku kiwanda kilipowaka moto na kujaa moshi. Baada ya mazishi wakubwa walifanya jambo moja tu: walinunua kufuli jipya. Kwa hiyo baba mtu, waliyemwita Boila kwa kuwa alizeekea kwenye tanuri la mvuke la kiwanda hicho hicho, hakumzuia binti. Alijipa kazi ya kuchota maji.

"Kunywa, mama. Maji hayana adui."

Kichwa kikimuuma, jagi. Moyo ukimdunda ovyo, jagi jingine. Na Jumanne hiyo, misuli ya miguu ilipojikaza kama kamba, alimnywesha mawili mfululizo, akaona amefanya la maana.

Binti akayatapika. Kisha akamtazama baba yake usoni, akatabasamu kwa adabu.

"Shikamoo, meneja. Umekuja kufungua?"

Boila akacheka, maana mtoto huyu alikuwa na mdomo. Kisha akamwangalia vizuri. Macho yale hayakuwa na utani.

Akakimbilia zahanati ya ng'ambo ya barabara, akarudi akimvuta nesi kwa mkono.

"Ametia chumvi yoyote mdomoni?" nesi akauliza, vidole vikiwa kwenye mshipa wa binti.

"Chumvi? Wamegoma kula, dada."

"Ndiyo hiyo. Chumvi inamtoka kwa mkojo, harudishi, na wewe unamjaza maji. Umeizimua hata ile iliyobaki. Ubongo unavimba, mzee. Moyo nao umekosa madini yake. Mpeleke hospitali sasa hivi. Na msimshindilie uji njiani, mtammaliza. Hawa wengine nao wapimwe damu, na maji yao yatiwe chumvi kidogo."

Katibu wa wafanyakazi akasogea. Yeye hakuwa amegoma; alisema lazima mmoja abaki na nguvu za kusema, na kweli alikuwa nazo tele.

"Tuliapa maji tu. Kamera ile pale juu ya geti. Wakiona pakiti ya chumvi, kesho tunaambiwa tunakula."

"Kwani chumvi ni chakula?"

"Kwa wakubwa, hata mate ni chakula."

Wanawake wakacheka kinyonge. Boila hakucheka. Aliinama kumbeba mwanawe, naye akamshika kola kwa nguvu ambazo hakujua zimetoka wapi.

"Ukiniondoa hapa, umemzika mama mara ya pili."

Sasa binti alimjua baba yake, na ndivyo alivyomkata maini. Boila akasita. Mkono ulioshika kola ukaanza kutetemeka, kisha mwili mzima, macho yakageuka meupe. Alimnyanyua akakimbia naye barabarani, akipigia teksi kelele kama mwizi anayekimbizwa.

Hospitalini dripu ilidondoka tone, kimya, tone.

"Daktari, mbona mnambania dripu?"

"Chumvi ya damu ikipanda kwa haraka, ubongo unaumia zaidi. Tusubiri."

Binti alilala mdomo wazi. Boila alimwita kwa jina la utotoni, akamwita tena, hata kope haikutikisika. Ndipo akayakumbuka majagi aliyoyajaza alfajiri, yamepangwa kivulini kwa ajili ya wagomaji wenzake binti. Akampigia Katibu simu.

"Waambie wasinywe yale maji hivi hivi! Yatiwe chumvi!"

"Nimekusikia, mzee wangu. Kikao kitaamua."

Nyuma ya sauti hiyo, mwanamke alikuwa akitapika.

"Kikao ni lini?"