Kitendawili cha Mlango wa Nyuma

Jana nesi aliniingiza mpira nyuma kunisafisha utumbo. Leo natoka damu na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Daktari aliponiuliza naumwa nini, mkwe wangu Rwema alikuwa amesimama pale, nikaona haya, nikasema ni gesi tu. Daktari akaanza kuandika dawa ya gesi. Hofu ikanishika. Nikamgeukia mjukuu wangu Gwiza, nikamtegea kitendawili kwa lugha ya kwetu.

"Sakwe sakwe!"

"Soma, Bibi. Vitendawili hata hapa?"

"Jana fundi alipitisha bomba mlango wa nyuma. Leo mlango unatoka damu."

Gwiza akaelewa. Akamtoa baba yake, Rwema, nje, kisha akamtegulia daktari. Daktari akanibonyeza tumbo, sura ikambadilika.

"Utumbo huenda umetoboka. Apigwe picha, wodi ya upasuaji ijiandae."

"Gwiza, nitapona?"

"Hicho utanitegulia ukitoka, Bibi."