Mgeni Anaomba Kuingia

Wazazi wenzangu, mimi niliishia darasa la saba, na mashine nazijua kwa kuzipangusa vumbi tu. Lakini hili limenikuta ndani ya nyumba yangu, naliandika lisije likawakuta na ninyi.

Binti yangu ni mpiga picha wa shule. Picha zake anazihifadhi kwenye sanduku jeusi, dogo kama mkate, linalokaa juu ya kabati langu la vyombo kwa sababu kwake paa linavuja. Humo mna watoto mia sita, kila mmoja na jina lake, darasa lake na namba ya simu ya nyumbani kwao. Mjukuu wangu wa darasa la pili, tunayemwita Kibogoyo, naye yumo, kwa namba yangu ya simu, anacheka bila meno ya mbele.

Jumatatu binti alikuja kuliwekea ulinzi.

"Mama, kuanzia leo sanduku lina mlinzi wake. Likipata joto, anatuma ujumbe. Likijaa, anatuma. Mtu asiyejulikana akibisha hodi kwa njia ya mtandao, anatutumia mimi na wewe."

"Mimi tena? Simu yenyewe naishika kama yai!"

"Ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili chepesi. Nikiwa kazini huwa nazima yangu."

Jumatano saa nne asubuhi nachambua mchele, simu ikalia: *Mgeni anaomba kuingia. Jibu NDIYO au HAPANA.*

Nikachungulia mlangoni. Hakuna mtu. Nikajua ni mwenzake binti yangu wa kazini, kafuata picha. Jamani, mimi nimelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone". Tangu lini mgeni akajibiwa hapana? Nikaandika NDIYO.

Taa ya sanduku, ambayo hupepesa taratibu, ikaanza kupepesa mbiombio. Ujumbe ukaingia: *Mgeni anatoa picha: darasa la kwanza.* Mchele ukanimwagika. Nikampigia binti mara saba, hapatikani. *Mgeni anatoa picha: darasa la pili.*

Kumzima mlinzi sijui, na umeme nilikatazwa kuuchomoa, picha zitaharibika. Nyuma yake kulikuwa na nyaya mbili. Nikazifuata kwa kidole: mmoja ukaenda ukutani, mwingine kwenye kiboksi cha intaneti. Huo wa pili nikaung'oa kama jino.

Binti alipofika alifungua kompyuta yake, akanionyesha mstari uliochorwa na mlinzi: umelala, umepanda kama mlima, umelala tena.

"Dakika kumi na moja, mama. Darasa la kwanza lote. La pili, watoto kumi na tisa."

"Kibogoyo?"

"Wa kumi na nne."

"Nimewauza watoto wa watu, mwanangu."

"Kosa ni la neno langu. Ningeandika *mwizi*, ungemfuata na mwiko."

Tulicheka kidogo, halafu tukalia. Siku ileile tukaenda kumweleza mwalimu mkuu. Kazi ya shule ile binti hana tena, na hatulalamiki.

Ijumaa mchana simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya upole kabisa.

"Mama, naongea kutoka shuleni." Akataja majina matatu ya mjukuu wangu bila kukosea. "Ameanguka, yuko hoi. Tuma pesa ya matibabu haraka, tunamkimbiza."

Nusura nitume. Kisha nikauliza, sijui nilipata wapi akili hiyo, "Nyumbani tunamwitaje?"

Akakata.

Nilikimbia mpaka shuleni bila viatu. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, mzima, anamcheka bibi yake kwa miguu yenye vumbi. Nilimkumbatia hadi akaona aibu.

Sasa kila simu ikilia nashtuka. Wenzangu, mtoto mwekeeni jina la nyumbani ambalo halimo kwenye karatasi wala mashine yoyote, na anayepiga muulizeni hilo kwanza. Na msihangaike na hilo la Kibogoyo. Lake la kweli la nyumbani sikuliandika humu.