Chama cha Tunabaki Chamsindikiza Venetta

Sisi wanachama wa Tunabaki tuliapa hadharani, mbele ya padri na mwalimu mkuu, kwamba hatutaondoka kisiwani kwetu Carriacou. Wengine waende zao Brooklyn, waende Toronto, wawe wanaleta mapipa ya nguo na sabuni kila Krismasi. Sisi tutabaki tukijenge kisiwa. Kwa hiyo Venetta, mweka hazina wetu, alipopata kazi ya uuguzi Toronto, tulijiona kama nyumba iliyochomolewa tofali la chini.

Alrick, mwenyekiti wetu, hakukubali kushindwa. Meli ya abiria ya kwenda Grenada ilikuwa imeharibika, na ndege ya Venetta ilikuwa inaruka kutoka huko kesho yake jioni. Akasimama akatangaza kwamba chama chenyewe kitamsindikiza mpaka St. George's, mji mkuu wa Grenada, kwa Rosalba, mashua ya mjomba wa Venetta. Mzee alikuwa anaumwa mgongo, lakini mashua aliitoa kwa moyo mweupe. Injini haikuwa nayo. Alizoea kusema injini ni ya watu wasiojua kusubiri.

Mimi na Cosnel tulielezwa mpango wenyewe pembeni. Mtu hawezi kuona kisiwa chake kikizama nyuma ya maji asilie, Alrick alisema, na Venetta akilia tu, tunageuza mashua. Cosnel akauliza nani atakayeigeuza. Alrick akasema hayo ni mambo madogo.

Asubuhi tulipong'oa nanga, Venetta alishika usukani. Hakuna aliyemwomba, ni kwamba sisi watatu tulikaa mbali nao kwa adabu kubwa. Alituambia kamba ipi tuvute na ipi tulegeze, na mara mbili akamwomba Cosnel asikanyage ile aliyokuwa akiivuta. Sisi wana wa kisiwa kinachosifika kwa mashua, mashua tulikuwa tumezoea kuzishangilia kwenye mashindano ya Agosti, tukiwa ufukweni, sahani mkononi.

Carriacou ilipobaki kama mgongo wa kobe, Alrick alikohoa kusafisha koo. Nilimwona Venetta akitazama nyuma, na nakiri moyo wangu uliruka kwa furaha. Kumbe alikuwa anaangalia mawimbi.

Hotuba ilianza vizuri. Ilikuwa na mababu, ilikuwa na udongo, ilikuwa na watoto watakaouliza mlikuwa wapi. Lakini kwenye mkondo wa kuelekea Grenada, penye mlima wa moto uliolala chini ya maji, bahari haina mwelekeo; mawimbi yanakuja kutoka kila upande kama watu wanaogombea mlango. Alrick alifika kwenye maneno "kwa sababu mizizi yetu", akainama ubavuni mwa mashua, na mizizi yetu ikaishia hapo. Cosnel alimfuata. Mimi nilijikaza kwa kuwahurumia, kisha huruma ikanishinda.

Venetta alituendesha sote wanne, akiwa amelowa hadi nywele, akiimba chini kwa chini. Kila baada ya muda alitupa maji ya kunywa, kwa zamu, kama wagonjwa wake.

Tulipoingia nyuma ya milima ya Grenada, upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba. Jua lilikuwa limeshapita utosi, na mji haukuonekana bado.

Utulivu ule ulimfufua Alrick. Aliketi, akachukua mkate wa kukaanga na kipande cha samaki, akala taratibu.

"Unaona, dada?" alisema. "Hata upepo umekataa. Labda tuusikilize."

Venetta alitazama jua, akatutazama sisi.

"Tangu tuko kidato cha nne mnaniambia nibaki," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza nataka nini."

Cosnel ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. Unataka nini?

"Nataka kujua kuwalea watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Huku kwetu anazaliwa mmoja, mmoja, na kila nikimshika sijui nianzie wapi. Kule wanao kila siku. Nitarudi, sitarudi, sijui, siwezi kuwadanganya. Ila ndege ya leo naitaka." Kisha akasema kwa upole, "Makasia umeyakalia, Mwenyekiti."

Alrick alitafuna mpaka mkate ukaisha. Nilijua anachowaza, kwa kuwa nami nilikiwaza: hatukuhitaji hata kumzuia. Kukaa tu kungetosha.

Akainuka. Akampa Cosnel kasia moja, akashika la pili. Wakachoka, nikampokea Cosnel, tukaendelea kupokezana. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Venetta alituhesabia mapigo, na kila tulipoharibu alicheka, nasi tukacheka. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo chama chetu kiliianza na kikaimaliza.

Pale gatini alitukumbatia mmoja mmoja, akitushika mabega kwa sababu viganja vyetu havikushikika. Akaingia kwenye teksi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, tulipokuwa hatuna tena mpango nayo. Kabla gari halijaondoka alishusha kioo.

"Rosalba anarudishwa na nani?"

Tukatazamana. Alrick alisema hayo ni mambo madogo, kisha akasikia alichosema, akainamisha kichwa.

Meli ya abiria ilitengenezwa kesho yake, ikapita mbele yetu ikiwa na nafasi tele. Tulikuwa tumekaa ndani ya Rosalba, viganja vimefungwa vitambaa, tukimsubiri mjomba mgongo wake upone aje atufundishe kuendesha mashua. Simu iliita: Venetta ameshafika Toronto, kuna baridi, je, sisi tumefika nyumbani?

Alrick alimjibu kwamba bado tunabaki.