Kitanda Kando ya Friji

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi Rochelle Pruitt alikuwa akikaanga mayai amesimama upandeupande, maana kitanda cha binti yake kilienea kutoka kwenye friji hadi kwenye kizingiti cha sebule. Tone la mafuta lilirukia blanketi. Marnie, mwenye miaka tisa, alijifunika kichwa na kuendelea kulala.

Mpaka wa shule za Fairmeade na shule za Corley ulipita juu ya kizingiti cha jikoni. Jikoni palikuwa Fairmeade. Sebule, vyumba vya kulala, choo na gereji vilikuwa Corley, ambako watoto walisoma huku ndoo zikikinga mvua ya darasani. Kanuni ya Fairmeade ilisema mtoto ni wa pale anapolala. Kwa hiyo Rochelle na mumewe Curt walikuwa wamenunua chumba cha kupikia kwa bei ya jumba, na nyumba iliyobaki wakaichukua kama nyongeza. Gari moja liliuzwa. Curt akitoka ofisini alikwenda kusambaza piza. Rochelle alishinda kliniki akisafisha meno ya watu, na meno ya Marnie, yaliyohitaji waya tangu mwaka juzi, yalikuwa yameegemeana kama walevi.

Lakini jikoni palikuwa na thamani yake. Mkate haukuungua mle. Marnie aligawanya hesabu za sehemu kichwani huku akitafuna. Curt alizungumzia akiba ya uzeeni kwa sentensi zilizokamilika. Mbwa alitii. Mtu akivuka kizingiti kuelekea sebuleni, aliyokuwa akiyajua yalimdondoka kama unga laini wa kijivu, na Curt akabaki kuuliza nani kafunga bao. Dalali aliwaambia mapema. "Sebuleni mtasahau kidogo," alisema, "ila zulia ni jipya." Kila jioni Rochelle aliufagia ule unga na kuurudisha jikoni, kisha akaosha vyombo. Kwenda shule, Marnie alitokea mlango wa nyuma, uliofungukia kwenye nyasi za Fairmeade, na hakupoteza kitu.

Asubuhi hiyo alikuja mkaguzi wa Fairmeade, Bwana Haskett, mtu mwembamba mwenye futikamba kiunoni. Alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje tangu alfajiri, kama walivyozoea wakaguzi wote, na alihitaji kahawa. Rochelle alimpa kikombe. Haskett akapima kitanda, akachungulia mwisho wake.

"Miguu iko Corley," akasema.

"Anakua," akasema Rochelle. "Nimkate?"

"Sikushauri." Haskett alinywa kahawa. "Kichwa kiko ndani. Sisi tunahesabu vichwa."

Baadaye wiki hiyo shule ya Corley ilipiga simu kuuliza kwa nini miguu haihudhurii masomo, na Curt akawaambia ina mafua.

Lakini asubuhi hiyo, Haskett akiwa bado na kikombe mkononi, mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa Lorraine Tibbs, jirani wa ng'ambo ya barabara, amevaa sare ya kazini, pamoja na binti yake Odessa. Nyumba ya Lorraine ilikuwa Corley yote, hadi sanduku la barua. Kila siku alimwacha Odessa hapo asubirie basi la Corley kwenye joto, na Odessa alikula mkate jikoni. Siku hiyo pia Odessa alivuka kizingiti, akavuta daftari la Marnie, akasahihisha hesabu nne kwa kutumia ncha ya uma uliochovywa kwenye jemu. Kisha akamweleza Bwana Haskett kwamba futikamba yake imelegea na inamdanganya. Haskett aliikagua. Ilikuwa imelegea.

"Huyu ni wetu?" akauliza.

"Mgeni," akasema Rochelle.

Lorraine alisimama upande wa sebuleni. Kilichokuwa kimemleta hakikuwa kitu cha kusahaulika.

"Jirani, nitakuomba mbele ya huyu bwana, isiwe siri. Godoro moja tu, hapo chini ya meza. Nitalileta mwenyewe. Hakoromi, hapigi mateke, na anakula kidogo."

"Uongo, ananimalizia siagi," akasema Rochelle.

"Siagi nitaleta."

Rochelle alitazama chini ya meza. Godoro la mtoto lingeenea vizuri, na nafasi ya viatu ingebaki. Alilijua hilo tangu zamani. Aliwahi kupima kwa ufagio.

"Vitanda viwili jiko moja," akasema Haskett kwa upole, "nitalazimika kulifungua suala lote upya. La wote wawili."

Marnie alikuwa ameamka. Alikuwa akimtazama mama yake kutoka ndani ya blanketi, miguu yake ikichezacheza Corley.

"Chini ya meza analala mbwa," akasema Rochelle.

Mbwa, ambaye hakuwahi kulala pale hata siku moja, alitoka sebuleni, akapita kati ya miguu ya Lorraine, akalala chini ya meza. Haskett alimwandika.

"Mbwa," akasema Lorraine.

"Mbwa," akasema Rochelle.

"Anaingia darasa la ngapi?"

Lorraine alifunga vifungo vya koti, akambusu mwanawe utosini, akaenda kazini.

Basi la Corley lilipokaribia mbele ya nyumba, Odessa alilamba uma, akachukua begi lake na kuvuka kizingiti kuelekea sebuleni. Unga uliomdondoka ulikuwa mwingi kuliko wa familia nzima ya Pruitt kwa juma. Ulifunika viatu vyake hadi kwenye kamba. Alisimama akiutazama.

"Huu ni wangu?" akauliza.

"Ni wa nyumba," akasema Rochelle, akachukua ufagio.

Odessa alifikiri. Ilionekana alikuwa na la kujibu, lakini lilikuwa tayari sakafuni.

"Basi limeshapita?"

"Bado. Kimbia."

Rochelle aliufagia unga wote, akausukuma chini ya kitanda cha Marnie kwa ncha ya ndara, akamkumbusha Haskett kwamba kahawa imebaki. Ndipo akakumbuka mayai. Aliyaacha motoni muda wote huo. Yalikuwa yameiva sawasawa, kingo zake zina rangi ya dhahabu.