Vibuyu Alivyovisahau Mwalimu

Yaliyopita si ndwele, husema aliyepiga. Felizarda Nhampossa alikuwa upande wa waliopigwa, na alikumbuka hata rangi ya shati.

Shati la bluu. Miaka kumi na miwili iliyopita Mwalimu Hermínio, bwana mkubwa wa muziki katika wilaya nzima ya Zavala, alisimama mbele ya timbila, marimba ya Wachopi, ya baba yake Felizarda, akabonyeza kinanda chake, akakunja uso.

"Mzee Zaqueu, hizi mbao zako zinalia ovyo. Zifuate kinanda, au kundi lako halipandi jukwaani."

Akaletwa seremala na randa. Mbao zote, urithi wa babu, zikakwanguliwa moja moja mpaka zikalia kama kinanda. Na ubao ukishapunguzwa haurudi. Baba alipiga mara moja tu, akaziweka fimbo chini. Mwaka uliofuata wakamzika, hajazigusa tena.

Lakini mjuzi yule alisahau jambo ambalo hata mtoto wa Wachopi analijua: chini ya kila ubao kuna kibuyu, na kila kibuyu huchaguliwa kiitikie noti ya ubao wake, si nyingine. Mbao zililazimishwa kusema uongo. Vibuyu vikabaki na kweli. Felizarda, aliyejifundisha kompyuta mwenyewe katika duka la kutoa nakala pale Quissico, alivipuliza kimoja kimoja, akapima, akaandika.

Kisha akatengeneza programu. Unachagua ngazi ya noti, unachagua furaha au huzuni, nayo inakupangia noti tatu tatu za kulia pamoja, kundi likifuatwa na kundi, mpaka wimbo unapata uti wa mgongo. Sifa zikavuma. Mwalimu Hermínio, ambaye hapitwi na sifa, akaitaka kwa ufunguzi wa tamasha: atatunga papo hapo, wageni wa kutoka Maputo wakimtazama.

"Binti yangu," akamwambia jukwaani, ananukia manukato, "baba yako angejivunia leo."

"Angejivunia, Mwalimu."

Felizarda akaipita kwenye kompyuta ngazi ya kinanda waliyofanyia mazoezi jana yake, akateremka mpaka ya mwisho kwenye orodha. Jina lake: Zaqueu.

Mwalimu akabonyeza furaha. Noti tatu zikalia. Si za kucheka, si za kulia. Akabonyeza huzuni. Yale yale. Furaha. Huzuni. Furaha.

"Ongeza sukari, Mwalimu!" mtu akapaza sauti katika umati. "Au hata chai haipo?"

"Mashine yako imeharibika," akamnong'oneza Felizarda, na kipaza sauti kikadaka.

"Haijaharibika. Kwenye kinanda hatua moja ndefu, nyingine fupi. Ndiko furaha na huzuni zako zinakotoka. Ya baba yangu ina hatua saba, zote sawa, kwa hiyo kila kundi lina umbo lile lile. Furaha tunaitia wenyewe, kwa mikono. Haya, tia."

Mikono ya Mwalimu ikabaki hewani. Nyuma yake wapigaji kumi wakaziamsha timbila mpya, zilizochongwa kufuata vibuyu vya Zaqueu. Na pale kwao, ukiimbwa kwa kosa lako unakaa usikie mpaka mwisho, anayeondoka amekiri. Felizarda akaushika wimbo mwenyewe:

"Shati la bluu, eee, shati la bluu,
ulimnyoa baba yangu bila maji.
Leo zamu ya kichwa chako,
na wembe ni ule ule."

Umati ukaitikia. Beti saba. Mwalimu alizisikiliza zote, macho yameganda kwenye viatu vyake. Wageni wa Maputo walikuwa wakipiga makofi kwa kufuata mdundo.

Baadaye Mwalimu akamfuata kwenye ngazi za jukwaa.

"Felizarda, mwanangu. Nilikuwa nafuata nilivyofundishwa. Nisamehe."

Felizarda akafunga kompyuta taratibu.

"Kile kinanda bado unacho?"

"Kipo nyumbani."

"Kilete kesho, tukione kama kinaifuata timbila. Randa nitakuja nayo mimi."